Misalaba Mitatu ya Lubumbashi: Alama za Dini katika Sanaa ya Mtaani

Ukisimama asubuhi kando ya barabara mjini Bujumbura, utaisoma dini kabla hujasoma gazeti. Basi dogo linapita na jina la Mungu kwenye kioo cha nyuma. Fundi baiskeli amechora njiwa juu ya mlango wa kibanda chake. Katika Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili kimesemwa kwa vizazi kadhaa, utaona mwezi na nyota ukutani, na mbele kidogo uso wa Bikira Maria juu ya duka la nguo. Tumezizoea alama hizi kiasi cha kutoziona tena.

Muhula uliopita nilileta darasani nakala ya picha iliyochorwa katika nchi jirani ya Kongo, mjini Lubumbashi, yapata miaka hamsini iliyopita. Niliibandika ubaoni bila kusema neno. Picha hiyo inaonyesha kifo cha wanaume watatu, na nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Mwanafunzi mmoja aliyeketi mbele alinyosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Yule ni Lumumba. Je, kumfananisha mwanasiasa na Yesu si kufuru?"

Darasa liligawanyika. Wapo waliosema ni kufuru, wapo waliosema ni heshima. Kijana mmoja Mwislamu aliuliza jambo jingine: yeye ambaye msalaba si alama ya dini yake, aisomeje picha ile? Kengele ililia kabla sijawajibu. Makala haya ndiyo jibu langu, na kwa kuwa historia yenyewe ni ndefu, nakuomba tuifuate hatua kwa hatua.

Mchoraji na picha yake

Aliyeichora picha ile ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 katika mji ambao wakati huo uliitwa Elisabethville, na ambao leo ni Lubumbashi, mji mkuu wa Haut-Katanga, nchi ya shaba. Hakuwa msanii wa majumba ya makumbusho. Alichora kwa rangi juu ya vitambaa vya magunia ya unga, kisha akatembeza picha zake mjini akitafuta wanunuzi nyumba kwa nyumba. Wateja wa wachoraji wa aina yake walikuwa wafanyakazi wa migodi na reli, makarani na walimu, watu waliotaka kutundika picha sebuleni lakini hawakuwa na fedha nyingi. Kwa hiyo tunapoiita kazi hii sanaa ya mtaani, hatusemi tu kwamba ilionekana mtaani. Ilizaliwa humo, iliuzwa humo, na ilijibu maswali ya watu wa humo.

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu mjini Lubumbashi. Kutokana na urafiki wao, mchoraji alifanya kazi ambayo huenda hakuna mwingine aliyeithubutu: alichora historia nzima ya nchi yake, picha zaidi ya mia moja, tangu nyakati za wafalme wa kale hadi siku zake mwenyewe na hata siku zijazo. Kila alipoleta picha, alieleza maana yake mbele ya kinasa sauti. Jambo la kutufurahisha sisi tunaojifunza Kiswahili ni kwamba mazungumzo yale yalifanyika kwa Kiswahili cha Katanga, kilichochanganyika na Kifaransa. Kiswahili hicho hakifanani na kile cha Unguja, na mtahini angekipigia mistari myekundu. Hata hivyo ndicho kilichobeba historia ya taifa.

Sasa tuirudie picha ya misalaba mitatu. Ubavuni mwa Lumumba pana jeraha linalotoka damu, na damu ile inapotiririka chini inaandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Juu kuna nyota sita. Mwanafunzi anayeijua bendera ya Kongo ya mwaka 1960 atazitambua mara moja: bendera ile ilikuwa na nyota moja kubwa katikati na nyota sita ndogo pembeni, kila moja ikisimama kwa jimbo moja. Tshibumba hakuficha maana aliyoikusudia. Alimweleza Fabian kwamba, kwa mtazamo wake, Lumumba alikuwa Bwana Yesu wa Zaire.

Kilichotokea tarehe 17 Januari 1961

Ili tuelewe kwa nini mchoraji alithubutu kusema hivyo, hatuna budi kuzikumbuka tarehe chache.

Kongo ilipata uhuru wake kutoka Ubelgiji tarehe 30 Juni 1960, na Patrice Lumumba akawa waziri mkuu wa kwanza. Tarehe 11 Julai, hata wiki mbili hazijatimia, Katanga ilitangaza kujitenga chini ya Moïse Tshombe. Mwezi Septemba Rais Kasa-Vubu alimwondoa Lumumba madarakani, na Kanali Mobutu akatwaa nguvu kwa jeshi. Lumumba alijaribu kutoroka kwenda kwa wafuasi wake wa Kisangani, ambayo wakati huo iliitwa Stanleyville, akakamatwa mwanzoni mwa Desemba. Kamera zilikuwepo alipofikishwa Leopoldville. Mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma, na askari mmoja alimvuta nywele huku wengine wakitazama.

Tarehe 17 Januari 1961 alisafirishwa kwa ndege hadi Elisabethville, mikononi mwa maadui zake wa Katanga, pamoja na wenzake wawili: Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito wa Seneti. Walipigwa njiani, wakateswa walipofika, na usiku huohuo wakapigwa risasi porini nje ya mji, mahali panapoitwa Shilatembo. Maofisa wa Kibelgiji walikuwepo. Siku chache baadaye miili ilifukuliwa, ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali ili isipatikane alama yoyote. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga iliutangazia ulimwengu kwamba wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji.

Zingatia, msomaji, mambo mawili yaliyofanywa baada ya mauaji. Kwanza, miili iliangamizwa. Pili, uongo ulitangazwa. Mauaji yenyewe yalichukua dakika chache, lakini kazi ya kuwanyima watu hawa kaburi na ukweli ilikusudiwa idumu milele. Picha ya Tshibumba inashindana na kazi hiyo.

Kwa nini msalaba?

Mkongo wa mjini aliyekua katika miaka ya ukoloni alijifunza kusoma picha kanisani kabla ya mahali pengine popote. Ukutani mwa kanisa Katoliki huwa kuna vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba: Yesu anahukumiwa, anabebeshwa msalaba, anaanguka, anavuliwa nguo, anasulubiwa, anazikwa. Mtoto asiyejua herufi huijua hadithi hiyo yote kwa macho. Basi watu waliposikia habari za kiongozi aliyekamatwa, akafungwa mikono, akadhihakiwa na askari, akakabidhiwa kwa adui na kuuawa pamoja na wengine wawili, walikuwa tayari na picha ya jambo hilo. Mchoraji hakulazimika kuwaeleza kwa maneno. Misalaba mitatu ilitosha.

Hata hivyo tuwe wasomaji makini. Katika Injili, wale wawili waliosulubiwa kando ya Yesu walikuwa wanyang'anyi. Mpolo na Okito hawakuwa wanyang'anyi; walikuwa wenzake katika jambo lilelile. Mchoraji alichukua kutoka katika dini kile alichokihitaji, akaacha kisichomfaa. Hivyo ndivyo alama za dini zinavyofanya kazi zinapotoka kanisani au msikitini na kuingia mtaani. Huwa zinakopwa, na mkopaji huzitumia kwa haja yake.

Hapa ndipo ninapomjibu kijana wangu wa Kiislamu. Huhitaji kuuamini msalaba ili kuisoma picha ile, kama vile huhitaji kuwa mkulima ili kuielewa methali ya shamba. Unachohitaji ni kujua alama ile inamaanisha nini kwa watu waliochorewa, kisha kuuliza imewekwa hapo kumshuhudia nani.

Mamba muntu sebuleni

Usidhani kwamba wachoraji wa Lubumbashi walikopa kutoka katika Ukristo pekee. Picha iliyopendwa sana katika nyumba za mji huo ilikuwa ya mamba muntu, mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki. Katika miji mingine ya Afrika anajulikana kama Mami Wata. Wengi waliamini kwamba humpa mwanamume utajiri wa ghafla, lakini kwa masharti: amtunzie siri, awe wake peke yake, na pengine alipe kwa uhai wa ndugu zake.

Fikiria mfanyakazi wa mgodini anayerudi nyumbani jioni, mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi, naye anaona jirani aliyekuwa maskini mwaka jana akinunua gari. Picha ya mamba muntu ukutani ilimpa namna ya kulijadili jambo hilo na wageni wake bila kumtaja mtu. Sebule ile ile ingeweza kuwa na picha iliyoitwa kwa Kifaransa "koloni la Ubelgiji", inayoonyesha mfungwa akichapwa kiboko mbele ya ofisa chini ya bendera. Imani ya maji, mateso ya ukoloni na Kalvari ya Lumumba vilitundikwa pamoja, na mwenye nyumba hakuona ajabu.

Rais mawinguni

Wachoraji hawakuwa peke yao katika kukopa alama za dini. Dola nayo ilikopa, na ilikopa kwa nguvu zaidi.

Mobutu alitwaa urais mwezi Novemba 1965. Mwaka uliofuata alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa, ingawa askari waliomkamata Lumumba walikuwa wa jeshi la Mobutu mwenyewe. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire. Mwaka 1972 raia waliamriwa kuacha majina yao ya Kikristo, na Kardinali Malula, aliyepinga sera hiyo, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka 1974 Krismasi iliondolewa katika orodha ya sikukuu za taifa, na shule za makanisa zikatwaliwa na serikali. Mahali pa alama zilizoondolewa hapakubaki patupu. Kila jioni, kabla ya taarifa ya habari ya televisheni, uso wa Mobutu ulijitokeza katikati ya mawingu, ukishuka kutoka mbinguni.

Sasa ziweke picha mbili hizo kando kwa kando. Moja ilirushwa na kituo cha serikali: mtu aliye hai, mwenye jeshi na hazina, anashuka kutoka mawinguni. Nyingine imechorwa juu ya gunia la unga: mtu aliyekufa, asiye na kaburi, amelala chini ya misalaba. Zote mbili zimetumia lugha ya dini. Ile ya kwanza ilimtaka mtazamaji atii, na ile ya pili ilimtaka akumbuke. Mwanafunzi wa uraia akijifunza kuitambua tofauti hiyo, atakuwa amepata kipimo cha kupimia bango lolote la uchaguzi atakaloliona maishani mwake.

Neno moja: ukumbusho

Watu wa Lubumbashi walikuwa na neno lao la kuieleza picha nzuri. Walisema ina ukumbusho. Hawakuanza kwa kuuliza kama mikono imechorwa sawasawa au kama rangi zinapatana. Waliuliza kama inamkumbusha mtazamaji jambo na kumfanya afikiri na kuzungumza.

Tulichunguze neno hilo kama tunavyofanya darasani. Kuna kumbuka, yaani kurudisha jambo moyoni. Kuna kumbusha, yaani kumfanya mwingine akumbuke. Ukumbusho unatokana na hilo la pili. Kwa hiyo ni tendo linalohitaji watu wawili, anayekumbusha na anayekumbushwa. Picha iliyofichwa sandukuni haina ukumbusho, hata ikiwa nzuri namna gani. Lazima itundikwe mahali ambapo mgeni ataiona na kuuliza, na mwenyeji atalazimika kueleza. Ndiyo maana Tshibumba, aliyejiona kuwa mwanahistoria pamoja na kuwa mchoraji, aliichagua picha kuwa kitabu chake.

Hatari ya alama

Nisingekuwa mwalimu mwaminifu kama ningeishia kwenye sifa. Alama ya dini ni kubwa, na kitu kikubwa huweza kukifunika kingine.

Mwezi Agosti 1960, Lumumba akiwa bado waziri mkuu, jeshi la serikali lilitumwa Kasai Kusini kuuzima uasi wa jimbo hilo. Huko Bakwanga, mji ambao leo ni Mbuji-Mayi, askari waliwaua raia wengi wa Kiluba. Familia zilizofiwa kule hazikuwa na sababu ya kumwona waziri mkuu kama Kristo. Nazo ni raia wa Kongo, na kumbukumbu yao ni sehemu ya historia ya Kongo. Mtu akishawekwa msalabani kwenye picha, inakuwa vigumu kumuuliza maswali tunayopaswa kumuuliza kila kiongozi: uliamuru nini, ulijua nini, uliwazuia nani?

Sisemi hivi ili kupunguza uovu aliotendewa. Hakuna kosa la kisiasa linalohalalisha kumpiga mtu risasi porini na kuyeyusha mwili wake. Nasema hivi ili ujifunze kushika mambo mawili kwa pamoja: kumlilia mtu aliyedhulumiwa, na kuendelea kumtambua kuwa ni mtu.

Jino moja, misalaba mitatu

Mwaka 2001 tume ya Bunge la Ubelgiji ilihitimisha kwamba baadhi ya mawaziri na maofisa wa Ubelgiji walikuwa na dhamana ya kimaadili katika mauaji hayo. Mwezi Februari 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi. Lakini hapakuwa na mwili wa kurudisha. Kilichosalia ni jino, ambalo ofisa wa polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kuiangamiza miili alilichukua na kuondoka nalo. Tarehe 20 Juni 2022, miaka sitini na moja baada ya mauaji, jino hilo lilikabidhiwa kwa familia mjini Brussels likiwa ndani ya kisanduku. Lilipelekwa Kongo, likazungushwa katika sehemu mbalimbali za nchi, Shilatembo ikiwemo, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa, katika kaburi la heshima lililojengwa Limete.

Sisi Warundi tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Mwana Mfalme Louis Rwagasore aliuawa mwaka huohuo wa 1961, tarehe 13 Oktoba, nchi yetu ikiwa bado chini ya Ubelgiji. Lakini yeye tulimzika. Kaburi lake liko kilimani Vugizo, juu ya mji, na shule hupeleka watoto kulitazama. Taifa lenye kaburi lina mahali pa kupeleka maua na pa kuwafundishia watoto. Kwa miaka sitini na moja Wakongo hawakuwa na mahali hapo, na wakati huo wote kitambaa cha gunia la unga kilifanya kazi ya kaburi.

Kuna jambo la mwisho ambalo sikuliona mimi mwenyewe hadi nilipoitazama picha ile kwa mara ya pili nikiwa peke yangu darasani. Jino lililorudi ni la mtu mmoja. Mpolo na Okito hawakurudishiwa hata unywele. Katika hotuba nyingi majina yao hutajwa haraka, au hayatajwi kabisa. Mchoraji wa mtaani, tofauti na wengi wetu, hakusahau kuhesabu. Aliweka misalaba mitatu.

Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na picha zake nyingi sasa zimehifadhiwa Ulaya, mbali na sebule zilizokusudiwa. Hilo nalo ni la kulitafakari.

Basi, mwanafunzi wangu uliyeketi mbele, uliniuliza kama ni kufuru. Dini yako ina wazee na vitabu vya kukujibu upande wa imani, nami sitawaingilia. Kwa upande wa historia nakujibu hivi: walioyeyusha miili mitatu walitaka tuamini kwamba hakukuwa na kitu cha kuzika, na yule aliyechora misalaba mitatu alikataa. Kesho utakapopita barabarani na kuona njiwa, msalaba, mwezi au malaika ukutani, simama kidogo uulize: ni nani anayekumbukwa hapa, na ni nani aliyeachwa nje ya picha?

Msamiati

Kufuru: neno au tendo la kumkosea Mungu heshima.
Tindikali: kimiminika kikali kinachoweza kula chuma, nguo au nyama.
Kiboko: mjeledi wa ngozi nene uliotumiwa kuchapa watu.
Ukumbusho: kitu kinachomfanya mtu akumbuke jambo au mtu.
Dhamana: wajibu wa kujibu kwa jambo lililotendeka.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya alama ya dini iliyotumiwa na televisheni ya Zaire na ile iliyotumiwa na Tshibumba. Kila moja ilimtaka mtazamaji afanye nini?
2. Mchoraji alichukua nini kutoka katika hadithi ya Golgotha, na aliacha nini? Kwa nini?
3. Chagua picha moja ya mtaani karibu na nyumbani kwenu yenye alama ya dini. Andika aya mbili: katika ya kwanza eleza unachokiona, na katika ya pili eleza kama ina ukumbusho.
4. "Shujaa akishachorwa kama mtakatifu, hawezi kuulizwa maswali." Je, unakubali? Tumia mfano wa Bakwanga kutetea jibu lako.